Sikio moja halisikii: uanze na nini, tiba zipi zipo, na lini usisubiri hata siku moja

Maswali ni yaleyale kila siku. Sikio la kushoto limekata tangu juzi nifanyeje, mtoto aliugua matubwitubwi sasa sikio moja kimya je kuna dawa, ninunue mashine gani ya kusikia, matone gani mazuri duka la dawa. Na majibu nayo ni yaleyale, weka mafuta ya moto, kamulia kitunguu saumu, subiri litafunguka lenyewe. Nimeona niyaandike sehemu moja yaishe. Mi mwenyewe sikio moja halifanyi kazi tangu nikiwa mdogo kwa hiyo mengine humu nayajua kwa kuishi nayo.

Kitu cha kwanza ushike: uziwi wa sikio moja sio ugonjwa mmoja. Kuna sikio lililoziba mlangoni, kuna lililoharibika katikati kwenye ngoma na vile vifupa vidogo, na kuna lililokufa ndani kabisa, kwenye koklea (kile kiungo cha ndani chenye umbo la konokono kinachopokea sauti) au kwenye mshipa wa fahamu unaopeleka sauti kwenye ubongo. Tiba ya moja haifanyi kitu kwa lingine, ndo maana jirani alipona kwa chupa moja ya matone na wewe umemaliza nne hamna kitu. Kazi yote ya mwanzo ni kujua tatizo liko wapi, habari ya kununua mashine inakuja mwishoni kabisa.

Na kama limekata ghafla, yani ulilala unasikia ukaamka kimya, au limeshuka ndani ya siku 3 bila usaha wala maumivu, nenda moja kwa moja hatua ya 2. Mengine utasoma ukiwa kwenye foleni.

VYA KUANDAA KABLA HUJATOKA NYUMBANI

- Tarehe lilipoanza, na saa kama unaikumbuka. Daktari ataamua mengi kwa hiyo tarehe, usiseme "kitambo kidogo".
- Majina ya dawa zote ulizotumia karibuni, hasa sindano za gentamaisini au streptomaisini, kwinini, dawa za saratani. Hizi kwa kawaida hupiga masikio yote mawili lakini lazima daktari azijue. Kama ulishaweka matone beba na chupa yake.
- Historia: matubwitubwi, homa ya uti wa mgongo, usaha utotoni, ajali ya bodaboda, kofi, kazi ya kelele, mtu wa familia mwenye shida kama hiyo.
- Magonjwa mengine uliyonayo: sukari, presha, vidonda vya tumbo, TB, VVU, na kama una mimba. Utaona kwa nini hapo chini.
- Kadi ya bima, na barua ya rufaa kama bima yako inataka. Uliza mapema inalipia kipimo gani na hailipii kipi.
- Mtu wa kwenda naye. Utaitwa jina kutokea upande mbovu na hutasikia, alafu daktari ataongea amevaa barakoa nusu ya maneno yanapotea.

Vya kutupa: vijiti vya pamba, njiti za kiberiti, pini, funguo, ule mshumaa wa kuchoma sikioni, na kila aina ya mafuta ya moto.

HATUA YA 1: Jipime nyumbani, dakika 5 tu

Kaa chumba kimya. Sugua kidole gumba na cha shahada karibu na sikio zima usikie ule mchakacho, kisha fanya hivyo kwenye sikio bovu. Piga simu kwa mtu bila kuweka spika, sikiliza ule mlio wa kuita kwa kila sikio. Hapo utajua kama limepungua au ni kimya kabisa.

Sasa kipimo chenye maana zaidi. Funga mdomo, guna "mmmmm" kwa sauti nzito, sikiliza mlio unavuma zaidi upande gani. Ukivuma zaidi kwenye sikio bovu, mara nyingi ni shida ya kuziba, nta au maji au ngoma. Ukivuma zaidi kwenye sikio zima na bovu limekaa kimya, mara nyingi ni shida ya ndani, koklea au mshipa. Kama huamini, mwambie mtu mwenye masikio mazima azibe moja kwa kidole alafu agune, mlio utahamia upande ulioziba. Hospitali wanafanya hivyohivyo kwa kile chuma cha meno mawili kinachovuma, wanakubandika katikati ya paji la uso.

Angalizo: hiki kipimo kinakuambia ukimbie kwa kasi gani, basi. Usijitibu kwa matokeo yake.

HATUA YA 2: Kama ni ghafla, hesabu siku

Sikio lililokata ghafla bila sababu ya kuonekana ni dharura hata kama haliumi, na hapa ndipo watu wengi wanapoteza sikio ambalo pengine lingeokolewa. Shida ni kwamba linafanana na nta, linafanana na mafua, unasikia kama limejaa tu, kuna mlio wa siiii, labda na kizunguzungu. Mtu anaenda kituo cha karibu anapewa matone na antibayotiki anaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Sasa hizo wiki mbili ndo muda wenyewe wa tiba, akirudi umeshapita.

Fanya hivi:

a) Nenda hospitali yenye daktari wa masikio, pua na koo na chumba cha kupima usikivu, leo au kesho asubuhi. Dirishani sema wazi, "sikio langu limekata ghafla tarehe fulani, naomba kuonwa na daktari wa masikio na kupimwa usikivu leo". Usiseme "sikio limeziba", ukisema limeziba utapelekwa kuoshwa nta.

b) Uliza kuhusu steroidi, zile dawa kali za kutuliza uvimbe mwilini. Tiba kuu ni prednisoloni ya vidonge, siku 7 mpaka 14 alafu inapunguzwa taratibu, na inasaidia zaidi ikianza ndani ya siku 14 za mwanzo, na siku ya pili ni bora kuliko ya kumi.

c) Kama vidonge havikufai kwa sababu ya sukari au kingine, au umevimaliza na sikio halijarudi, uliza sindano ya steroidi inayopitishwa kwenye ngoma ya sikio. Inatisha kuisikia lakini sehemu inapigwa ganzi kwanza, na bado inajaribiwa hata kati ya wiki ya 2 na ya 6.

d) Kuna na tiba ya oksijeni kwenye chemba ya presha, inaongezwa juu ya steroidi, ila hospitali zenye hiyo chemba ni chache. Usichelewe steroidi ukiitafuta.

Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa 2019 unasema dawa za virusi, za kuyeyusha damu na za kutanua mishipa zisitolewe kimazoea kwa tatizo hili. Kwa hiyo ukipewa mfuko wa dawa za aina tano na steroidi haimo, muulize daktari kwa heshima kwa nini. Sababu inaweza kuwepo, lakini uijue.

Makosa mawili ya hapa. La kwanza, kujinunulia prednisoloni dukani. Inapandisha sukari na presha, inachokonoa vidonda vya tumbo, inaamsha TB iliyolala, na ukiikata ghafla baada ya kuitumia muda mwili unaweza kuleta shida nyingine. La pili ni kuamini mti shamba kwa sababu shangazi alipona. Kuna masikio hurudi yenyewe bila dawa yoyote, na chochote kilichowekwa wiki hiyo ndo kinapewa sifa.

Na kama pamoja na sikio mdomo umepinda upande, ulimi mzito, mkono au mguu umelegea, hiyo inaweza kuwa kiharusi, nenda kitengo cha dharura saa hiyohiyo.

HATUA YA 3: Mlango wa sikio uangaliwe kwa macho

Daktari au nesi anaingiza kile kitochi cha sikio anaangalia mpaka kwenye ngoma. Kama ni nta una bahati. Matone ya kulainisha siku 3 mpaka 5, mafuta ya zeituni ya kawaida yanatosha wala usiyapashe moto, au yale ya sodiamu baikaboneti ya duka la dawa, kisha inaoshwa kwa maji ya vuguvugu au inanyonywa kwa mashine. Maji yakiwa baridi utapata kizunguzungu cha kutapika.

Usikubali kuoshwa kwa maji kama ngoma ina tundu, kama sikio limewahi kutoa usaha karibuni au limefanyiwa upasuaji. Na hili wengi hawalijui: kama sikio moja limeshakufa na nta imejaa kwenye lile zima, usiruhusu yeyote alipige bomba la maji. Hilo ndo pekee ulilonalo, litolewe kwa kunyonya na mtaalamu anayeliona.

Kwa watoto kuna punje za mahindi, maharage, shanga. Maharage usiyawekee maji, yanavimba ndani. Ikiwa ni betri ndogo ya saa au ya rimoti hiyo inaunguza nyama ndani ya saa chache, ni dharura ya saa hiyo.

Nta ikishatoka na bado husikii, usirudi nyumbani. Nenda hatua ya 4 siku hiyohiyo.

HATUA YA 4: Pima usikivu, na hakikisha umepimwa vizuri

Unakaa kwenye kibanda kimya, unavaa hedifoni, unabonyeza kitufe kila ukisikia mlio. Wanapima kwa hewa, alafu kwa mfupa, kifaa kinabanwa nyuma ya sikio. Matokeo ni mchoro, odiogramu. Duara jekundu ni sikio la kulia, alama ya X ya bluu ni la kushoto. Mstari ukiwa juu ni vizuri, ukishuka chini ni uziwi, ukipita desibeli 80 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) unaongelea sikio ambalo karibu halina kitu. Mfupa ukiwa mzuri na hewa mbaya, tatizo liko mlangoni au katikati. Vyote vibaya, liko ndani.

Sasa hapa tulia kidogo. Ukipima sikio lililokufa kwa sauti kubwa, sauti inavuka kupitia mifupa ya kichwa inasikika na sikio zima, na wewe unabonyeza kitufe kwa uaminifu kabisa. Mchoro unatoka unaonyesha sikio bovu linasikia kwenye desibeli 50 au 60 wakati ukweli halisikii kabisa. Ili isitokee, mpimaji lazima aweke kelele ya shhhh kwenye sikio zima wakati anapima bovu. Kama hukusikia hiyo shhhh hata mara moja, muulize mpimaji kabla hujaondoka. Nimeona watu wameuziwa mashine ya kawaida kwa mchoro wa namna hiyo, wakavaa, wakakaa nayo wiki, hawasikii chochote, wakaambiwa wataizoea. Sikio lililokufa halizoei mashine.

Omba nakala ya mchoro, piga na picha kwa simu. Utaihitaji kila unakoenda.

HATUA YA 5: Tatizo likiwa katikati

Hapa habari njema ni nyingi.

Usaha unaotoka zaidi ya wiki 2: kwanza sikio likaushwe. Sokota kitambaa safi cha pamba au tishu ngumu kiwe kama utambi, ingiza taratibu, kikilowa toa weka kingine mpaka kitoke kikavu. Angalau mara 3 kwa siku, kisha matone ya siprofloksasini yale ya sikio aliyoandika daktari, kawaida kama wiki 2. Matone kwenye sikio lililojaa usaha yanaelea juu tu, ndo maana watu wanasema dawa haifanyi kazi. Usitumie matone yenye gentamaisini kwenye ngoma iliyotoboka mpaka daktari aseme, yanaweza kuumiza koklea. Usiogelee, na ukioga ziba kwa pamba iliyopakwa vaselini.

Usaha wenye harufu kali usioisha unaweza kuwa na ngozi inayoota ndani inakula mfupa, hiyo ni upasuaji. Uvimbe nyuma ya sikio, homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma sana au uso kupinda, ni hospitali siku hiyohiyo.

Ngoma iliyopasuka kwa kofi: mara nyingi inajifunga yenyewe ndani ya wiki kadhaa mpaka miezi 2 au 3. Usiweke kitu, lisiingie maji, usipenge kamasi kwa nguvu. Ikikataa kujifunga kuna upasuaji wa kuweka kiraka, wanachukua utando au gegedu palepale karibu na sikio lako.

Maji nyuma ya ngoma: kwa watoto ni kawaida na mengi yanakauka. Kwa mtu mzima, upande mmoja, wiki zinapita hayakauki, daktari lazima aangalie nyuma ya pua kwa kamera, hasa kama kuna uvimbe shingoni au kamasi lenye damu. Saratani ya nyuma ya pua huanza kimyakimya hivyo. Sikutishi, ila usikubali kuendelea na matone miezi mitatu.

Kifupa cha katikati kilichoganda: usikivu unashuka polepole, ngoma inaonekana nzima. Kuna upasuaji wa kubadilisha hicho kifupa ambao umekuwepo tangu 1956, au unavaa mashine ya kawaida ambayo kwa hali hii inafanya kazi vizuri.

HATUA YA 6: Likiwa ndani, piga picha

Uziwi wa ndani wa upande mmoja kwa mtu mzima unahitaji MRI (picha inayopigwa kwa mashine ya sumaku) ya mishipa ya usikivu, kwa sababu sehemu ndogo ya watu wanakutwa na uvimbe kwenye ule mshipa. Sio saratani na unakua polepole, kuna wa kuangaliwa tu kila mwaka, kuna wa mionzi, kuna wa upasuaji. CT, ile picha ya eksirei ya kompyuta, ni nzuri kwa mifupa, baada ya ajali kwa mfano, lakini mshipa wenyewe hauuonyeshi vizuri. Kwa hiyo "nilipiga CT ikawa safi" haimalizi swali.

Kama uziwi umekuja baada ya homa ya uti wa mgongo usikae, koklea inaweza kugeuka mfupa na baadaye hakuna pa kupitisha kipandikizi (Njia D hapo chini).

HATUA YA 7: Limekufa kabisa, sasa uchague

Hakuna kidonge wala matone ya kufufua koklea iliyokufa zamani. Anayekuuzia anakuibia. Lakini njia zipo nne, na usidharau ya kwanza.

Njia A, kuishi na sikio moja kwa akili. Ni bure na wengi tunaishi hivi. Unachokosa ni vitatu: sauti inayotokea upande mbovu inazuiwa na kichwa chako mwenyewe, hujui sauti inatoka wapi, na kwenye kelele unapotea. Ukijua hivyo unajipanga. Sikio bovu likiwa la kushoto, kwenye daladala kaa dirisha la kushoto ili watu wote wawe kulia. Mkitembea mweke mwenzio upande mzima, na waambie watu mapema, maana usipoitikia salamu wanasema unaringa. Hatari kubwa ni barabarani: ukiweka simu kwenye sikio zima hapo ni kiziwi kamili, na pikipiki huijui inatokea wapi hata ukisikia honi. Simama, ongea, maliza, ndo uvuke. Earphone weka moja tu ukiwa nyumbani, na kwenye simu kuna mpangilio wa sauti mono sehemu ya ufikivu, uwashe, vinginevyo nusu ya muziki unaikosa.

Njia B, CROS. Unavaa vifaa viwili. Cha upande mbovu ni maikrofoni tu, kinarusha sauti bila waya kwenda kifaa cha upande mzima. Hamna upasuaji. Kama na sikio zuri nalo limepungua kuna aina inayolikuzia pia, BiCROS. Kasoro yake, bado unasikia kwa sikio moja, kwa hiyo mwelekeo wa sauti hujui, na kelele zikiwa upande mbovu inakuletea kelele zote kwenye sikio lako zuri. Hakikisha cha upande mzima kinavaliwa na mpira wenye matundu, usizibe sikio linalosikia.

Njia C, kifaa cha mfupa. Kinatikisa mfupa wa fuvu na mtikisiko unafika kwenye koklea nzima upande wa pili. Kilianza Gothenburg, Sweden, 1977, wagonjwa wa kwanza walipowekewa skrubu nyuma ya sikio. Kuna cha skrubu, kuna cha sumaku chini ya ngozi, na kuna cha mkanda wa kichwani bila upasuaji. Kwa aliyezaliwa bila tundu la sikio hiki ndo chenyewe hasa. Kwa koklea iliyokufa kinafanya kazi ileile ya CROS, na kasoro zilezile. Skrubu inahitaji usafi kila siku, ngozi inayoizunguka ikiwa chafu inaota usaha.

Njia D, kipandikizi cha koklea. Hii ndo pekee inayorudisha sauti kwenye sikio lenyewe lililokufa, inasaidia kujua mwelekeo, na wengi ule mlio wa siiii unapungua. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa uziwi wa sikio moja 2019. Uingereza huduma ya umma haiilipii kama sikio la pili ni zima, kwa hiyo usishangae bima yako ikikataa, hata nchi tajiri wanabana. Hapa kwetu Tanzania hospitali ya Muhimbili ilianza kupandikiza koklea 2017, kabla ya hapo watoto walikuwa wanapelekwa India, lakini kipaumbele ni wenye uziwi wa masikio yote mawili na mi naona ni haki. Masharti: mshipa wa fahamu uwepo, MRI ndo itasema. Sikio lisiwe limekufa miaka mingi sana, hasa kwa aliyezaliwa hivyo. Chanjo ya nimonia kabla ya upasuaji. Na uwe tayari kwa mazoezi ya miezi, sauti za mwanzo ni kama roboti anaongea redioni. Asiyekuwa na muda wa mazoezi bora abaki na A au B.

Maoni yangu: mtu mzima aliyezoea miaka ishirini anza A, ukikwama kazini jaribu B. Aliyepoteza sikio mwaka huu na mlio unamnyima usingizi na uwezo anao, aulizie D mapema asichelewe.

HATUA YA 8: Jaribu kabla ya kulipa

Usinunue mashine ya elfu hamsini ya mtandaoni, zile zinakuza kila kitu na zinaweza kuumiza sikio zima. Omba majaribio ya wiki moja au mbili: CROS ya kuazima, au cha mfupa kwa mkanda. Kivae kwenye maisha yako halisi, sokoni, msikitini au kanisani, kwenye gari, mezani na watoto. Chumba cha daktari kila mashine ni nzuri. Uliza betri zinapatikana wapi, nani anatengeneza ikiharibika, na kama kuna mtu wa kuirekebisha mji unaoishi.

MTOTO

Matubwitubwi ni sababu maarufu ya sikio moja kufa kwa mtoto, na chanjo ya serikali Tanzania ni ya surua na rubela, matubwitubwi haimo, ukiitaka utaitafuta hospitali binafsi. Mtoto wa sikio moja anaongea vizuri kwa hiyo wazazi wanachelewa kujua, wanasema ni mkaidi. Apimwe. Nenda shule uongee na mwalimu, akae mbele na sikio zima lielekee kwa mwalimu, mbali na dirisha la barabarani. Mtoto mdogo hawekewi skrubu, mfupa bado mwembamba, anavaa cha mkanda kwanza.

LINDA LILILOBAKI

Vijiti vya pamba marufuku. Mashine ya kusaga, gereji, mbele ya spika za harusini, vaa vizibo. Kila ukiandikiwa sindano hospitali sema "nina sikio moja tu linalosikia". Pima kila mwaka. Na lile zima likianza kushuka, hata kidogo, ni dharura.

IKIKWAMA

Hospitali mbili zimetoa michoro tofauti: moja haikuweka ile shhhh, au nta ilikuwa imejaa. Rudia ya tatu na uulize.

Mashine inapiga mluzi: haijakaa vizuri sikioni au nta imeziba. Kile kipande kilichofinyangwa kwa umbo la sikio lako kitengenezwe upya.

Mashine imezima: betri za hewa, ukishatoa stika ziache kama dakika moja kabla ya kufunga. Pwani jasho na unyevu vinaziua mashine, usiku iweke kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu, mlango wa betri wazi.

CROS inachosha ukiwa kwenye kelele: zima kile cha upande mbovu, au geuka kelele iwe nyuma yako.

Mlio wa siiii usiku: chumba kikiwa kimya ndo unazidi. Washa feni au redio kwa sauti ya chini. Ukiwa unadunda pamoja na mapigo ya moyo, hiyo ni ya kumwona daktari.

Unalalia sikio zima husikii alamu wala mtoto: weka simu itikisike chini ya mto, au kubalianeni nani analala upande upi.

Kizunguzungu kimebaki baada ya sikio kukata: usikae kitandani wiki, baada ya siku chache za mwanzo kutembea na mazoezi ya kugeuza kichwa ndo yanarudisha usawa. Dawa za kizunguzungu za muda mrefu zinachelewesha.

Siku 20 zimepita na ulipewa matone tu: nenda hata leo, uulizie ile sindano ya kwenye ngoma. Mpaka wiki ya 6 bado kuna cha kujaribu.